Kiduha hiki ni kipi? Hesabu mistari ya kikombe

Karibuni tena shambani. Leo nimepiga magoti katikati ya mahindi, kanda ya ziwa. Haya maua mnayoyaona hapa chini ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama; Wajaluo wanakiita kayongo. Hiki cha waridi ni Striga hermonthica. Mwenzake mwekundu, Striga asiatica, nimetoka naye Dodoma, nimembana ndani ya daftari. Msinisute: nilimchuma kabla hajatunga mbegu.

Anza na kimo. Cha waridi kinaweza kufika mita moja, chekundu kwa kawaida hakivuki sentimita 30. Ila kimo kinadanganya, maana hata cha waridi kikiwa kichanga ni kifupi.

Halafu rangi. Ua la hermonthica ni pana, la waridi. La asiatica ni dogo, jekundu, kooni lina manjano. Kwenye mmea mbichi hii inatosha. Lakini tazama hili la daftarini: limekauka, rangi imekwenda zake. Hapo ndipo wengi wanabaki kubahatisha.

Sasa fuata mkono wangu. Vuta petali zitoke, ubaki na kile kikombe cha kijani kilicholishika ua. Kama macho hayaoni vizuri, washa kamera ya simu, ikuze. Kizungushe polepole kati ya vidole. Unaona mistari iliyotuna kutoka chini kwenda juu? Moja, mbili, tatu, nne, tano. Imeisha. Hicho ni cha waridi. Chukua cha daftarini... tano, sita, saba... kumi. Mara nyingine hata zaidi ya kumi. Chekundu hicho.

Kuna jambo moja watu hulipuuza. Cha waridi hutegemea wadudu wakiletee chavua ya mmea mwingine. Chekundu hujichavusha chenyewe. Kwa hiyo ukiacha kimoja tu kwa kukionea huruma, kitajaza udongo peke yake. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mahindi au mtama upite karibu.

Vyote viwili ving'oe mapema, kabla ya kutunga mbegu. Usivitupe kando ya shamba, vichome. Na kabla hujaingia shamba la jirani, kung'uta jembe na viatu. Mimi naanza na hivi vyangu.