Herufi za Kroshia Juu ya Mfarishi: Tunaandika TUMIA KURA YAKO

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunaandika TUMIA KURA YAKO kwa herufi za kroshia juu ya mfarishi wa viraka. Naipenda mno kazi hii. Mtu akiona herufi iliyofumwa kwa mkono husogea aiguse, na akishasogea, ujumbe ameusoma.

Viraka nimeshaviunga, hiyo mnaijua. Pamba ya katikati na kitambaa cha nyuma bado. Herufi zinatangulia ili mafundo yote yafichike ndani.

Uzi ni wa pamba, sindano milimita 3. Akriliki siitaki hapa, pasi ya moto huilaza ikalegea. Anza na mnyororo wa urefu wa herufi, kisha rudi nao safu mbili za mshono mfupi. Kwenye mpindo wa U au R, upande wa nje, tia mishono miwili katika tundu moja, la sivyo herufi itajikunja kama jani kavu.

Rangi je? Bonyeza kitambaa cheupe kibichi juu ya herufi nyekundu. Kikitoka na wekundu, suuza tena. Halafu zianike zikiwa zimebanwa kwa pini katika umbo lake.

Sasa hapa tulieni. Usivute herufi. Kroshia inanyumbuka, kitambaa hakinyumbuki. Ukiibana ikiwa imevutwa, itarudi na kitambaa chako. Pini ya kwanza katikati, kisha unaelekea nje, taratibu... Ngoja, mwanga unapiga vibaya, hamwoni kitu. Nasogeza taa. Haya. Mnaiona hii R? Mguu umevutika, kitambaa kimeingia makunyanzi. Natoa pini zote, zote kabisa, naanza tena katikati. Nasema tena: ilaze, usiivute.

Shona kwa mkono, ukipitia vitanzi vya ukingoni, mishono midogo midogo. Mguu wa cherehani hunasa vitanzi. Kama huna budi kutumia cherehani, funika herufi kwa karatasi nyembamba, shona, kisha ichane uitoe.

Neno moja likikamilika, litundike ukutani, rudi nyuma, lisome. Mfarishi wa ujumbe husomwa na watu waliosimama na wanaopita. Ule wa kumbukumbu za waliofariki kwa UKIMWI, uliotandazwa Washington Oktoba 1987, ulikuwa na vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, na watu walitembea kati yake wakisoma majina. Kwa hiyo maneno machache, herufi nene. Mimi maua ya kroshia nayaweka pembeni tu, yasigombane na maandishi.

Panga tabaka tatu, piga mishono ya kuzishika ukizunguka herufi. Juu yake usipite, utazibonyeza. Nyuma, upande wa juu, shonea mfereji wa kitambaa wa kupitishia fimbo ya kutundikia.

Video ijayo ni S na G. Andaeni uzi.