Puli Iliyopasuka: Mhadhara kuhusu Aloi ya Alumini ya Kusubu, Lubumbashi

Mabibi na mabwana, ndugu mafundi mliotoka mitaa yetu ya Katuba na Kenya mkauacha moto wenu kwa saa moja, na ninyi wanafunzi,

Kipande nilichokishika ni nusu ya puli, gurudumu la mkanda, ya mashine ya kusaga unga wa bukari, yaani ugali. Niliisubu mwenyewe nikiwa kijana mwenye haraka, kwa kuyeyusha pamoja janti mbili za gari, pistoni kadhaa na kifuniko cha injini ndani ya chungu cha chuma juu ya makala. Ilizunguka wiki tatu, kisha ikapasuka kwenye kitovu. Leo nitaitumia kama kitabu, maana karibu kila kosa nililolifanya limeandikwa pale ilipovunjikia.

Nianze na janti, kwa kuwa ndizo zilizokuwa mali safi kuliko vingine vyote. Janti nyingi za alumini za kusubu hutengenezwa kwa aloi, yaani metali iliyochanganywa, ambayo Wamarekani huiita A356 na ambayo Ulaya huandikwa AlSi7Mg0.3. Jina hilo la pili linajieleza lenyewe: ni alumini yenye silikoni kama asilimia 7 na magnesi kama asilimia 0.3. Uzito wake ni gramu 2.7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali shaba yetu inakaribia gramu 9.

Silikoni ndiyo inayoifanya aloi hii itiririke vizuri. Alumini tupu huganda kwa mara moja kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na husinyaa sana, lakini aloi hii huanza kuganda karibu na nyuzi 615 na humaliza karibu na nyuzi 557, kwa hiyo inapata muda wa kufika hadi kwenye pembe nyembamba za kalibu. Zaidi ya hayo, silikoni hutanuka inapoganda, jambo linalopunguza kusinyaa kwa alumini. Ubaya wake ni kwamba ikiachwa hivihivi huganda kama vipande vya wembe vilivyotawanyika ndani ya metali laini. Mwaka 1921 Aladár Pácz alipewa hataza Marekani kwa kuonyesha kwamba sodiamu kidogo huigeuza silikoni hiyo kuwa chembe ndogo sana. Siku hizi viwanda vingi hutumia strontiamu, asilimia 0.01 au 0.02 tu, kwa sababu sodiamu huungua na kupotea upesi.

Sasa tuje kwenye chuma, na hapa naomba mnivumilie nikawie, kwa sababu ndicho kilichoniua. Aloi ya zamani iliitwa 356 bila herufi, na iliruhusiwa kuwa na chuma hadi asilimia 0.6, A356 hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.2. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni hiyo, na imefichwa ndani ya herufi moja. Chuma, alumini na silikoni vikikutana huunda vibamba vyembamba, vigumu na vyepesi kuvunjika, ambavyo chini ya hadubini huonekana kama sindano, na ufa hupenda kuanzia hapo. Alumini iliyoyeyuka hukila chungu cha chuma polepole, bila moshi wala harufu, na chuma kikishaingia hakuna moto wa makala utakaokitoa. Manganizi huweza kuzigeuza sindano hizo kuwa na umbo lisilo la hatari sana, lakini dawa ya kweli ni kuyeyushia kwenye chungu cha grafiti na udongo, au angalau kukipaka chungu cha chuma rangi ya kinga kila mara kabla ya kukitia motoni.

Pistoni nazo zilileta shaba. Sisi wa mji huu tumezoea kuiona shaba kuwa baraka popote ilipo, na nakiri kwamba katika aloi nyingine za alumini huongezwa kwa makusudi ili kuzitia nguvu kwenye joto. Katika A356, hata hivyo, kikomo chake ni asilimia 0.2, kwa kuwa hupunguza uwezo wa metali kustahimili kutu ya unyevu na chumvi.

Tazameni pia vitundu hivi, vidogo kama vichwa vya pini. Si mchanga uliong'oka, ni hidrojeni. Maji yaliyokuwa kwenye mchanga wa kalibu yangu na kwenye mwiko ambao sikuupasha moto yalivunjwa na alumini ya moto, ikachukua oksijeni yake na kuimeza hidrojeni. Alumini iliyo majimaji hubeba hidrojeni takriban mara 20 kuliko ile iliyoganda, basi inapoganda gesi hulazimika kutoka, na isipopata njia hubaki ndani kama povu.

Kosa la mwisho halionekani kwa macho. Niliiacha puli ipoe nikadhani kazi imekwisha, kumbe magnesi ilikuwa bado haijafanya kazi yake. Aloi hupashwa hadi karibu nyuzi 540 kwa saa kadhaa ili magnesi iyeyuke ndani ya alumini ikiwa ngumu bado, huzamishwa majini ghafla, kisha huwekwa kwenye nyuzi 155 hivi kwa saa tatu hadi tano. Hapo magnesi na silikoni hujikusanya kuwa punje ndogo mno zinazoizuia metali kuteleza ndani kwa ndani. Iliyosubiwa kwenye mchanga na kutunzwa hivyo hutakiwa kufikia megapaskali 234, yaani kila milimita ya mraba ibebe karibu kilo 24 kabla ya kukatika, na irefuke asilimia 3.5.

Pale mezani kuna vijiti viwili vya unene wa kidole, kimoja nilichokisubu kwa mchanganyiko kama wa puli hii, kingine kwa janti tupu na mchanga mkavu, kikapashwa kama nilivyoeleza. Jiliwa iko hapo hapo. Kibaneni kimoja kimoja mkipinde, mtazame kipi kinajikunja kwanza na kipi kinakatika bila kutoa taarifa.