Kwa nini mchango wa mtoto mmoja hujaa haraka

Karibuni jamani, wale mmesimama huko nyuma viti bado viko huku mbele. Wacha nianzie kwa simu zenu. Umeongezwa kwa grupu ya WhatsApp, kuna picha ya mtoto amelala wadi, namba ya paybill iko chini, na unatuma mia mbili hata kabla hujamaliza kusoma, si ndio? Alafu mtu akwambie kuna maelfu ya watoto wana minyoo huko Busia, magharibi mwa Kenya, unasema aki pole, unaendelea na kazi. Na wewe ni mtu wa roho safi kabisa!

Watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walipima hii kitu Marekani, wakaichapisha 2007. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza fomu, kisha wakaombwa wachangie. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, miaka 7, walitoa wastani wa dola 2.38, waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa wakatoa 1.14. Sasa sikizeni hapa maana hapa ndio huniuma sana: kuna wengine walipewa Rokia pamoja na hizo takwimu, wakatoa 1.43. Yaani mtoto ni yule yule, lakini hesabu ikiingia tu huruma inapoa.

Turudi Busia. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 huko, na kwa ripoti yao ya 2004 dawa ya minyoo ilipunguza utoro kwa karibu robo, hata watoto ambao hawakumeza walinufaika juu maambukizi yalishuka. Dawa ya mtoto mmoja kwa mwaka ni chini ya dola 1. Lakini nani ashawahi kulia akiona kidonge cha minyoo?

Kuna dada ameuliza, kwa hivyo tuache kuchangia matanga na bili za hospitali? Hapana dada yangu, harambee ndio imetulea, na jirani akifiwa huwezi kumsomea takwimu. Mimi nasema hivi, amua siku mshahara unaingia, kabla picha yoyote haijafika kwa simu: fungu moja la watu wako, lingine la wale hutawahi kuwaona. Hilo la pili ulifuatilie, uliza shirika elfu moja yako imefikia watoto wangapi, wakishindwa kujibu peleka kwingine, na uambie benki iwe inakata yenyewe kila mwezi.