Nani Kakupa Ruhusa ya Kutania?

Asalaam aleikum jamani, shikamooni wakubwa zangu mliokaa huko nyuma, na nyie wadogo zangu wanachuo sogeeni mbele basi, viti vipo. Nimeombwa niongelee kazi ya uchekeshaji na kuendesha shoo za tivi, nikaona badala ya nadharia niwape safari ya mtu mmoja, Trevor Noah wa Afrika Kusini, maana nimemfuatilia miaka na naipenda sana kazi yake.

Ila naanzia nyumbani. Sisi Wazaramo mtani wetu Mnyamwezi, na utani wenyewe mnajua ulikotoka, misafara ile ya wapagazi ikishuka na pembe za ndovu mpaka hapa hapa Bagamoyo, watu wakakaa pamoja wakazoeana. Alipofariki bibi yangu alikuja mtani akajilaza mlangoni, akasema maiti haitoki hapa mpaka nilipwe, halafu akanyanyuka akaanza kumuigiza bibi na mkongojo wake anavyogombana na kuku, na mama yangu ambae toka alfajiri alikuwa hajanyanyua uso akacheka, machozi yanamtoka na anacheka. Angefanya mtu mwingine vile angetolewa mkukumkuku. Yule ana ruhusa. Basi leo nataka tuongelee hiyo, ruhusa.

Sasa Trevor. Kazaliwa Johannesburg tarehe 20 Februari 1984, mama Mxhosa, baba mzungu wa Uswisi, na wakati huo sheria ya makaburu iliyoanza 1927 ya kukataza mzungu na mweusi kulala pamoja bado ipo, imekuja kufutwa 1985, yani mtoto kazaliwa tayari ni ushahidi wa kosa la wazazi wake. Mtaani mama hawezi kutembea nae kwa uhuru kama mama na mwanae. Mtu kama huyo hana watani wa kurithi, hana kabila linalosema huyu wetu mwacheni, sa ruhusa ataipata wapi?

Aliipata kwenye lugha. Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kitswana, Kiafrikaans, zote anaziongea. Na kuna kisa amekisimulia mwenyewe, anatembea barabarani vijana wapo nyuma yake wanapanga kwa Kizulu jinsi ya kumkaba, wanajua haelewi, akageuka akawajibu kwa Kizulu hicho hicho, jamani si bora tutafute mtu tumkabe wote, wale vijana wakashtuka wakamuomba radhi, kumbe wewe mwenzetu. Rangi yake haikubadilika pale, kilichobadilika ni sauti tu. Mimi nikifundisha uchekeshaji kisa hiki siachi kukisema.

Ya katikati napita haraka. 2002 ana miaka 18 akapata kipande kidogo kwenye tamthilia ya tivi ya kwao, akapita redioni, akapanda jukwaani na maiki peke yake, 2009 akawa na shoo yake nzima Johannesburg, 2012 akawa mchekeshaji wa kwanza wa Afrika Kusini kupanda The Tonight Show kule Marekani.

Halafu tarehe 28 Septemba 2015 akakaa kwenye kiti cha The Daily Show, shoo ya Marekani ya kutania habari na siasa, kiti alichokikalia mtangazaji Jon Stewart toka 1999, miaka 16, watazamaji wamemzoea kama mzee wa familia. Fikirini, mgeni anaingia nyumba ya watu anaanza kuwatania kuhusu rais wao na polisi wao! Mwanzoni walimkataa wengi, na mimi naelewa, hakuwa amepewa ruhusa bado. Kilichomuokoa nawaambieni sio skripti peke yake. Tivi ikienda matangazo anabaki na watu waliopo studio, anaulizwa kitu, anajibu hivi hivi kutoka kichwani, anasimulia ya kwao, na vipande hivyo wakawa wanavirusha kama klipu, na 2017 vikachukua Emmy, tuzo kubwa ya tivi kule Marekani. Mnaona? Miaka ile ya klabu na kumbi ndo ilikuwa inafanya kazi pale, kusikiliza mtu kwanza halafu ndo unafungua mdomo. Ameondoka Desemba 2022 baada ya miaka saba, akasema anataka kurudi kuzunguka na jukwaa. Watu walishangaa anaachaje tivi kubwa vile, mi sikushangaa.

Sasa nirudi kwenye msiba maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Mwaka ule ule wa 2009 mama yake alipigwa risasi na baba wa kambo, moja ikaingia nyuma ya kichwa ikatokea puani, na haikugusa ubongo. Trevor yupo hospitali analia, na mama mwenyewe kitandani na majeraha yake anamwambia mwanangu usilie, angalia zuri lake, sasa hivi mwenye sura nzuri kuliko wote kwenye familia hii ni wewe. Wakacheka. Hadithi hiyo anaisimulia mwenyewe na watu wanacheka huku wameshika vifua, na ruhusa hiyo kapewa na mama yake, hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuitoa. Nikiisikia namuona mama yangu mimi, siku ile, mlangoni, na yule Mnyamwezi na mkongojo.

Haya, kazi ya kesho. Asubuhi wote soko la samaki ufukweni, muda wa mnada, simu mziache bwenini, msichekeshe mtu. Sikilizeni tu wachuuzi wanavyotaniana kwenye fungu la nguru, nani anamtania nani na nani hathubutu, na kwanini. Saa nane mchana tukutane hapa, kila mmoja na dakika mbili zake. Maswali?