Muhuri sio leseni

(Mazungumzo na Waswahili wa Brooklyn Park, Minnesota, yameandikwa kama yalivyosemwa)

Hamjambo wote. Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua zote nitazimalizia kwa yule mzee wa muhuri, anayewajazia watu wetu fomu za uhamiaji na wala sio wakili. Ni kweli. Nimeyasema haya kanisani, msikitini, hadi matangani, na nitaendelea kuyasema mpaka siku mtakapoacha kumpelekea pesa.

Kwanza, mimi sio wakili. Mimi ni mkalimani, miaka mingi nakaa katikati ya wakili na mtu wetu, huyu akisema natafsiri, yule akijibu natafsiri, basi. Kwa hivyo usinifuate pale nje na "dada nijazie fomu". Sijazi.

Sasa. Binamu yangu, amenipa ruhusa niseme ila jina nisitaje, aliolewa hapa na raia, ndoa ya kweli, pilau nilipika mwenyewe. Akataka grinkadi, kile kibali cha kuishi hapa moja kwa moja. Akaelekezwa kwa mzee mmoja ana ofisi nyuma ya duka, lile la unga, omena na kutuma pesa, eti anasaidia watu wetu. Akaenda. Mzee amevaa tai, ukutani kuna cheti kwenye fremu, mezani muhuri. Kiswahili kizuri, anauliza habari za nyumbani, mpaka mnajikuta mna jamaa mmoja mnayemjua wote. Akamwambia, "mwanangu lete dola elfu mbili, weka saini hapa, hapa na hapa, mengine nitajaza mimi." Karatasi tupu jamani! Mtu ambaye sokoni hanunui nyanya bila kuigeuza, anasaini karatasi tupu. Halafu mzee akauchukua ule muhuri akagonga, pwaa! Binamu akaniambia baadaye, "dada, ile sauti niliposikia roho ikatulia."

Hapo pa roho kutulia ndipo tunapoliwa. Ule muhuri ni wa notari. Kwetu Kenya, na Tanzania vilevile, mtu akiitwa notari ni wakili, amesoma sheria, ameapishwa. Kwa hivyo macho yetu yakiona muhuri, kichwa kinaona wakili. Hapa Marekani notari ni mtu wa kushuhudia saini tu. Yule kijana wa benki anayekuhesabia pesa anaweza kuwa notari. Hapa Minnesota ukifika miaka 18 unajaza fomu, unalipa ada, unapewa, hakuna shule ya sheria hapo. Wamexico wameumizwa na neno hilohilo kabla yetu, kwao notario ni mwanasheria mkubwa haswa. Kwa hivyo sikuiti mjinga. Ila leo nimekuambia, ukirudi kule kesho hilo ni lako.

Nilikuwa wapi? Binamu. Kwenye fomu kuna swali la ndoa, umeolewa mara ngapi. Binamu aliwahi kuolewa Mombasa, wakaachana, talaka ipo na cheti kipo, na mzee aliambiwa yote. Mzee akaona ndoa ya kwanza italeta maswali mengi, akaandika moja. Moja! Na miaka ya nyuma binamu alishaomba viza pale Nairobi, na kwenye fomu ya ubalozi alisema ukweli kwamba ana mume. Mlidhani zile fomu zinafungiwa maandazi? Siku ya intavyuu ofisa akafungua faili, akageuza karatasi polepole, akauliza mume wa kwanza anaitwa nani. Binamu akaangalia zulia. Akaulizwa nani alikujazia hii. Mzee alishamfundisha ajibu "mimi mwenyewe", na kule mwisho wa fomu, pale aliyejaza kwa niaba yako anatakiwa aandike jina, anwani na aweke saini, pameachwa peupe. Mbele ya serikali yule mzee hajawahi kuzaliwa. Aliyedanganya ni mwenye saini. Ikaja barua, wanakusudia kukataa ombi, ana siku 30 za kujibu. Kumpigia mzee, hapokei. Kwenda dukani, "ametoka kidogo." Na cheti cha talaka, orijino, anacho yeye.

Wakili tuliyempata alichukua zaidi ya mara mbili ya zile elfu mbili, na kazi yake kubwa ilikuwa kufuta alichoandika mzee. Grinkadi ilitoka mwishowe. Lakini baba yake alizikwa Kwale huku yeye amekaa kwenye kochi langu anaangalia mazishi kwenye simu, maana ukitoka nchini bila kibali wakati ombi hilo bado liko mezani, kwa kawaida wanahesabu umeliacha.

Najua mtu atasema, mbona fulani alijaziwa na mzee huyohuyo na akapata. Alipata kwa sababu kesi yake ilikuwa nyepesi, hata angejaza mwenyewe angepata! Na mwingine atasema mzee anaongea Kiswahili na wakili haongei. Kwani mimi niko hapa kufanya nini? Tafuta wakili kwanza, mkalimani atapatikana. Tena mkalimani mtu mzima, tafadhali, usimlete mtoto wa miaka kumi aje kutafsiri talaka yako.

Wanaoruhusiwa kukuwakilisha kwa kawaida ni wawili. Wakili mwenye leseni, na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ambaye lazima awe chini ya shirika linalotambuliwa na wizara hiyo, na hawa wengi bei yao ni nafuu, wengine bure kabisa. Kati yao kuna wanaoishia ofisi za USCIS, ile idara inayopokea maombi ya uhamiaji, na kuna wanaofika mpaka mahakamani, kwa hivyo uliza. Orodha wizara imeiweka kwenye intaneti. Leseni ya wakili inaweza kuwa ya jimbo lolote, sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, wa Texas anaweza kukutetea wewe wa Brooklyn Park. Ila wakili wa ajali za magari abaki na magari yake. Muulize, kesi kama yangu umefanya ngapi, na akianza kutafuta maneno, asante, kwaheri.

Na akikubali kazi muulize, utajaza G-28? Hiyo ni fomu ndogo ya kuiambia serikali kwamba mimi fulani ndiye namwakilisha huyu. Ya mahakamani ni nyingine lakini shughuli ni hiyohiyo. Anayekuambia "hiyo haina haja" hataki jina lake lionekane. Sihitaji kueleza zaidi, mmemsikia mzee.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Mkataba uwe wa maandishi, useme kazi ni ipi, ada yake ni ngapi na ada ya serikali ni ngapi, hizo ni pesa mbili tofauti. Risiti kila unapolipa. Nakala ya kila karatasi ukae nayo wewe, orijino usiache. Ombi likipokelewa kuna namba ya herufi tatu na tarakimu kumi, ukiwa nayo unafuatilia kesi kwenye simu yako, husubiri mtu akuambie "bado inashughulikiwa". Akikuahidi utapata asilimia mia, au ana mtu wake ndani, inuka uende. Wenye tarehe kule Fort Snelling, kwenye mahakama ya uhamiaji, serikali haikupi wakili wa bure kama ile ya jinai, na usipotokea jaji anaweza kuamua ufukuzwe nchini wewe uko kazini unaosha wazee. Nilitaka kusema na habari za kumshtaki wakili mbaya, maana wapo pia wenye leseni wanaokula pesa, lakini hiyo ni siku nyingine.

Kabla ya chai, toeni simu. Mahakama ya Juu ya Minnesota inaweka daftari la mawakili wake kwenye intaneti, unaandika jina linakuonyesha kama leseni iko hai, na majimbo mengine wanayo yao. Andika jina la mtu wako. Sasa hivi, nasubiri.

Mama wa kilemba cha bluu, vipi? Halitokei? Jaribu kuanza na jina la ukoo. Yeye alikuambia leseni yake ni ya hapahapa Minnesota? Mmh. Na umeshamlipa? Basi mama usiondoke, njoo ukae na mimi huku mbele, na hiyo bahasha uje nayo.