Njaa ya Saa Tatu Usiku

Mazungumzo na wafanyabiashara wa soko, Arua, Jumapili mchana

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wazee wawili mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, asalaam aleikum, na poleni kwa jua. Mwenyekiti wenu aliniomba nije nifundishe lishe bora. Nikamwambia, mama, hao ndio wanaouza dodo, mchicha wetu huu, na maharage, niwafundishe nini? Kama kuna mtu humu hajui kwamba dodo ni bora kuliko mandazi, ainue mkono. (Kicheko.) Basi. Kujua tunajua. Mimi nimekuja kuzungumzia saa tatu usiku.

Saa tatu usiku umeshafunga meza, watoto wamelala, chakula cha jioni umekula. Simu inalia. Ni ujumbe wa shule: muhula unafunguliwa Jumatatu, karo haijakamilika, na mtoto aje na sukari, ufagio na karatasi za chooni. Au hakuna ujumbe wowote, ila umekumbuka mzigo uliokwama mpakani Vurra na mkopo wa kikundi unaotakiwa Jumanne. Papo hapo mdomo unataka kitu. Mkono uko kwenye kopo la karanga kabla hujaamua. Au unamtuma kijana kwa muuza chapati akuletee roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, unaila umesimama, unatazama ukuta. Ikiisha, deni liko palepale, na juu yake umeongeza aibu.

Naiona mikono inayofunika vinywa. Msione haya. Nilipokuwa nafanya zamu za usiku, mahali fulani nisipopataja, mshahara ulichelewa tukawa tunaishi kwa kukopa. Kila nikirudi nyumbani nilikata mkate, kipande kimoja, nikakata cha pili, mpaka ukabaki mfuko. Chai sukari vijiko vitano. Na mchana huohuo nilikuwa nimekaa kliniki nikiwaambia wagonjwa wapunguze sukari.

Sasa sikilizeni jinsi mwili unavyofanya. Ukikutana na nyoka njiani, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakimbia, damu inakwenda miguuni, tumbo linafunga. Hakuna aliyekutana na nyoka akatamani sumbusa. Lakini karo si nyoka. Nyoka anapita, karo inalala nawe kitandani kuanzia Februari mpaka Desemba. Wasiwasi ukikaa hivyo, tezi zilezile huendelea kutoa kemikali nyingine iitwayo kotisoli, na hiyo, tofauti na adrenalini, huamsha hamu ya kula. Tena haiamshi hamu ya dodo. Inataka mafuta na sukari.

Mwaka 2003 mtafiti mmoja wa California, Mary Dallman, na wenzake waliandika juu ya jambo hili kutokana na kazi yao na panya. Panya anayeishi kwenye dhiki ya muda mrefu huvutwa na vyakula vitamu na vya mafuta, na vyakula hivyo huonekana kuituliza ile dhiki ndani ya mwili. Nawaambieni hili kwa sababu nimechoka kusikia mtu mwenye mawazo akiambiwa ni mlafi. Chapati inatuliza kweli. Ingekuwa haitulizi tungeshaiacha zamani. Kasoro yake ni kwamba utulivu wake ni wa dakika chache, halafu inakudai.

Wengi wenu mnajitibu kwa kujinyima. Nawajua. Asubuhi chai kavu. Mchana unasema sina nafasi, wateja, na pia jana usiku nilikula sana, leo nifidie. Unafika jioni tumbo tupu na kichwa kimejaa. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Herman na Mack, waliwapa wasichana wa chuo maziwa matamu yaliyokorogwa, kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo. Wale wasiojibana na chakula, wakishakunywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo, kwa sababu wameshiba. Wale waliokuwa wakijibana siku zote walikula zaidi kuliko wenzao wasiopewa maziwa kabisa! Ukuta ukishapata ufa, mtu anasema si umeshaharibika, acha nimalize. Nani humu hajasema hivyo?

Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza itawashangaza: kuleni. Mchana, mmekaa, posho, yaani ugali, na maharage, mboga, kipande cha samaki kama kipo. Pokezaneni meza, huyu amwangalizie mwenzake robo saa. Tumbo lililoshiba mchana halimpi wasiwasi pa kujificha usiku. Ukisikia njaa saa tatu na ulikula vizuri, jiulize swali moja: wangeniletea posho ya mchana, baridi, na maharage yaliyoganda, ningeila? Kama ndiyo, hiyo ni njaa, nenda ukale bila kuomba radhi. Kama ni lazima iwe chapati, na iwe ya moto, na iwe sasa hivi, hapo tumbo halimo.

(Mama mmoja: “Na nikikonda je? Watu watasema nimepata ugonjwa.”)

Ahaa. Asante, mama, umesema kitu ambacho vitabu vya wenzetu havina. Sisi wa rika langu tunakumbuka. Ukimwi ulipoingia Rakai watu waliuita “slim”, yaani kukonda, na mwaka 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilohilo. Tangu hapo kukonda Uganda ni kesi, na kunenepa ni ushahidi wa kujitetea. Mtu anakwambia “umenona” nawe unashukuru. Sikulaumu. Lakini mimi sijasema ukonde. Sijaleta mizani, na mizani sina haja nayo leo. Unaweza kubaki na mwili wako huohuo na bado ukaacha tabia ya kula huku unalia.

Turudi saa tatu. Tumbo halimo, basi nani anaita? Mwite kwa jina. Sema kwa sauti, hata kama mume atakucheka: “Huu ni wasiwasi wa karo.” Usiseme “najisikia vibaya”, hilo ni gunia, hujui kilichomo. Kisha kaa chini, nyayo zote mbili sakafuni, uzisikie. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita moyoni, unashuka mpaka tumboni. Ukitoa pumzi polepole, mshipa huo unauambia moyo upunguze mwendo. Fanya kwa dakika tano. Hamu ya kula hupanda kama wimbi, ikifika juu hushuka yenyewe, hata usipoipa kitu. Baada ya hapo, ukiitaka bado ile chapati, ila. Lakini ikae kwenye sahani, nawe ukae kwenye kiti. Chapati iliyoliwa kwa kukaa si sawa na chapati iliyoliwa kwa kujificha.

Haya si maneno ya Ulaya tu. Hapa karibu, Rhino Camp, akina mama wakimbizi wa Sudan Kusini 694 kutoka vijiji 14 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi walikaa kwenye vikundi vya watu ishirini mpaka thelathini, vikao vitano, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Walijifunza kuutambua wasiwasi, kuupa jina, kurudi kwenye pumzi na kwenye ardhi waliyokanyaga. Miezi mitatu baadaye walikuwa na nafuu kuliko wale ambao hawakupata mafunzo hayo. Na wale walikuwa wamekimbia vita, si ujumbe wa shule.

Lingine ni daftari. Nyote mna daftari la wateja wanaodaiwa. Nunueni la pili, la madeni ya moyo. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga meza, nusu saa: andika kila kinachokusumbua, na mbele yake uandike hatua moja. Karo: kesho nampigia mhasibu, naomba kulipa kwa mafungu. Mzigo: nampigia dereva. Mama mkwe: hakuna hatua, acha nafasi. (Kicheko.) Wasiwasi ukija saa tatu, uambie zamu yako ni kesho saa kumi na moja. Mtaalamu aitwaye Borkovec na wenzake walilijaribu jambo hili mwaka 1983, nusu saa ileile, mahali palepale kila siku, na wasiwasi wa watu ulipungua. Mimi nililidharau mpaka nilipojaribu. Wiki ya kwanza halikufaa kitu. Nadhani ilikuwa wiki ya tatu nilipogundua mkate umebaki mpaka asubuhi.

Kuna wachache hapa ambao pumzi na daftari havitawatosha. Kama unakula kingi mno kwa haraka, unashindwa kujizuia, kisha unajitapisha. Kama hulali kwa majuma, au moyo unakimbia bila sababu. Kama unawaza ni afadhali usingekuwapo: usiningoje mimi Jumapili ijayo. Nenda hospitali ya rufaa hapa Arua, uliza kitengo cha afya ya akili. Na mwenye kiu isiyoisha na kukojoa usiku kucha akapimwe sukari, maana hayo si mawazo.

Maswali? Naam, mzee wa mlangoni. Nilidhani umeshaondoka.

(Mzee: “Mwalimu, mimi hizo chapati sili. Mimi saa tatu nakunywa.”)

Mzee wangu, asante kwa ujasiri, na nyinyi msicheke. Saa ni ileile na mlango ni uleule. Waragi, pombe hiyo kali, inakulaza, lakini inapotoka mwilini alfajiri wasiwasi unarudi umeongezeka, na usingizi wenyewe ulikuwa wa vipande vipande. Ila usiende nyumbani ukaikata yote usiku huu. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka, kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Hiyo inaachwa chini ya uangalizi wa daktari. Kesho asubuhi nitakuwa zamu kliniki tangu saa mbili. Njoo, na kama unaona aibu kuuliza njia mbele ya watu, ulizia tu mama wa mkate.