Nani Kasema? Mhadhara kwa wanafunzi wa Historia, kidato cha tano na sita

Haya, kaeni. Wa nyuma mnanisikia? Vizuri. Wenye madesa mkononi wayafunike, leo hayana kazi.

Walimu wenu wanajua nitakachosema, wameshanisikia hadi wamechoka. Watanivumilia. Vita vya Maji Maji, vile vya wazee wetu wa kusini dhidi ya Wajerumani, mmefundishwa tangu shule ya msingi, sirudii. Mimi nina ugomvi na sentensi moja tu: "Watu wengi walikufa." Kila mwaka nasahihisha insha, kila mwaka naikuta. Wengi ni wangapi? Mmoja akajitahidi, akaandika 75,000. Nikamwekea alama ya kuuliza pembeni. Akaja juu: "Mwalimu, namba ipo kwenye kitabu!" Ipo, ndiyo. Jirani yake kaandika 300,000, na yeye kaitoa kitabuni. Sasa hapo katikati wamepotea watu 225,000, nanyi mmekaa dawati moja wala hamuulizani!

Twende taratibu, maana hapa ndipo penye kazi. Ile 75,000 ni makadirio ya serikali ya Wajerumani. Gavana wakati huo alikuwa Götzen. Pamba ya kulazimishwa ilikuwa mpango wa utawala wake. Askari waliochoma vyakula na maghala kusini walikuwa wake. Mwaka 1909 akatoa kitabu chake kuhusu vita hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo ukimsoma, humtupi, lakini humwachii mlango wazi. Karani wa bomani angejuaje nani kafa njaa porini, siku tatu kwa miguu kutoka njia kuu? Namba kubwa, ya 250,000 hadi 300,000, ni ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu, na wengi katika hesabu hiyo waliuawa na njaa iliyofuata vita. Naye hakupita kaburi kwa kaburi. Amekadiria, kama Wajerumani walivyokadiria. Kwa hiyo usiniandikie namba peke yake kama bei ya sukari. Niandikie namba, aliyeitoa, na kwa nini unamwamini huyu kuliko yule. Hapo umeandika historia. Mistari mitatu tu, wala haikumalizii karatasi.

Najua kuna anayenung'unika: "Kwa hiyo Mzungu mwongo, wazee wetu wakweli?" Sijasema hivyo, usinilishe maneno. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kusini kukusanya masimulizi ya wazee. Kazi ya heshima. Lakini piga hesabu: aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1905, mwaka 1968 alikuwa na 73. Uhuru umeshapatikana, na Mwalimu Nyerere alishavitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Mzee anakumbuka ya utotoni huku redio inamsifia ujana wa baba yake. Mzee si mwongo. Ila uchungu wa kiboko kwenye shamba la pamba utaupata kwake kuliko kwenye ripoti yoyote, na tarehe utaipata vizuri zaidi kwenye ripoti. Kila shahidi muulize analolijua.

Tena afadhali hao. Kuna mwanafunzi aliniletea maneno ya Kinjeketile, yule mganga wa dawa ya maji, kayafungia alama za kunukuu kabisa, nami nikafurahi. Nimetazama vizuri: kayatoa kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein! Tamthilia ya mwaka 1969, jamani. Nzuri sana, isomeni, lakini yule ni Kinjeketile wa jukwaani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ni mwingine.

Na huyo wa Ngarambe tumtumie. Watu wa Umatumbi waling'oa pamba Julai 1905. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Boma la Mahenge likashambuliwa tarehe 30 Agosti. Vita vikaenda hadi 1907. Ninyi mnaandika "Kinjikitile aliongoza Vita vya Maji Maji", nukta, mnaenda pointi ya pili. Aliongoza Mahenge akiwa kaburini? Alieneza dawa na imani, sawa, na imani ilitembea bila yeye. Hiyo ni hoja, na imejengwa kwa tarehe tatu ambazo mlikuwa nazo kwenye madaftari muda wote!

Sababu za vita nilitaka nizichambue, saa imenitupa mkono. Fupi fupi: pamba inaeleza Umatumbi vizuri. Ungoni haielezi hivyo, huko tazama kodi na watawala walionyang'anywa madaraka. Sababu moja haivai kila wilaya.

Hoja pinzani: iweke, kisha uijibu. Nukuu: fupi. Hitimisho… mwalimu wenu atawaambia, yeye ndiye anayewapa alama.

Na msiniletee ile ya "mtihani unataka pointi sita tu." Andika sita, nani kakukataza? Ila kila moja iwe na shahidi wake kasimama nyuma yake.

Wewe wa dirishani, mkono umekaa juu tangu Götzen. Uliza.